Shanga Nyeupe Ndani ya Seng'enge

Siku moja imenikaa kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Ilikuwa wakati wa vita vya uhuru, mimi mwali wa juzi, ndoa yangu na Saidi haijatimiza mwaka. Wareno walikuwa wametutoa mashambani kwetu, upande wa Palma, wakatutia kwenye kijiji cha seng'enge ili tusiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Mihogo yetu ikabaki nje. Kwenda kuichimba mpaka ruhusa ya sipai Sumaili, askari mweusi mwenzetu. Namtaja, maana jina hilo yeye mwenyewe alilitumia kututisha. Ruhusa alimpa amtakaye.

Basi siku hiyo akaja muuguzi wa serikali na kipaza sauti, wanawake tukakusanywa uwanjani. Kumbe habari ni uzazi! Akatuonyesha picha ya mtoto mnene, mashavu kama maandazi. Akatufundisha kuhesabu siku, zipi mwanamke hushika mimba na zipi hashiki. Hayo somo wangu, Bi Awetu, alinifunda unyagoni bila kipaza sauti. Ndiyo maana tulikuwa na shanga: nyekundu unazitundika kitandani ukiwa kwenye siku zako, mume azione alale jamvini; nyeupe ukishatoharika.

Sasa sikiliza. Shanga zangu nyeupe zilikuwa hazijashuka tangu mvua ziishe. Siku zangu zilikuwa zimekatika. Muuguzi akasema, mke aliyekosa siku zake ajue huenda amebeba. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, akapiga kigelegele palepale.

"Mkwe wangu huyo! Kitanda chake cheupe tupu!"

Hata mimi niliamini. Nani asingetaka? Niliisikia mimba ikicheza humu tumboni, naapa. Nikawa nasema nayo nikitwanga. Kutwanga nini? Pumba.

Miezi ikaenda, tumbo likabaki limegandana na mgongo. Bi Mwanaisha akageuka. "Umempeleka wapi mjukuu wangu? Umekunywa mizizi ya kuitoa, mchawi wewe!" Akamleta jumbe Amade barazani kwetu, Saidi aambiwe aniache. Saidi naye Wareno walikuwa wakimbebesha mizigo ya askari. Nyumbani alikuja kama gunia lililomwagwa.

Ndipo Bi Awetu akaingia bila hodi. Akaushika mkono wangu, akauinua wauone.

"Jumbe, huu mkono au mswaki?"

"Bibi, tunazungumza mimba hapa."

"Na mimi nazungumza mimba. Mtama usiponyeshewa hautoi suke, na mkulima hauiti mchawi. Huyu damu ya kutoka hana, ya kujengea mtoto aitoe wapi? Na wewe Mwanaisha, mwanao analala kitanda hiki lini, tangu wamfanye punda?"

Watu wakacheka. Jumbe mwenyewe alijiziba mdomo kwa kofia.

"Mimi nimezaa kwenye njaa," Bi Mwanaisha akasema, "na sijafa."

"Njaa yako uliikimbia porini ukachimba ming'oko, viazi vya mwituni. Hii yetu ina lango na bunduki."

Nikadhani tumeshinda. Jumbe akarudisha kofia kichwani, akamtazama Saidi. Saidi akatazama chini, akaitamka talaka.

Akaoa binti mwingine. Naye shanga nyeupe, tumbo tupu, mpaka vita vikaisha. Nyumba moja, wachawi wawili. Njaa hakuna aliyeishtaki. Mimi niliolewa tena, sikujaliwa. Na mpaka leo sijui. Kuna siku namwamini Bi Awetu, kuna siku nasema kile kilichocheza kilikuwa mtoto. Muuguzi nimlaumu vipi? Hesabu yake ilikuwa ya kweli. Lakini alisimama mbele ya seng'enge akahesabu siku, chungu hakukifunua hata kimoja. Sumaili anauza samaki Mocímboa, ana wajukuu, tukikutana ananisalimia vizuri. Nami naitikia. Hilo nalo silielewi.

Wahenga walisema, usimlaumu mgema kwa mnazi usio na maji. Kama hawakusema, nasema mimi. Mwanangu, wakija watu na mafundisho ya uzazi, wasikilize, elimu haimchomi mtu. Ila uliza kwanza huyo mwanamke amekula nini, mumewe analala wapi, nani kamzuilia shamba lake. Ukishajibiwa hayo ndipo uulize tumbo lake. Na wewe mwanamume unayenisikia, mkeo akisemwa mbele ya watu, usitazame chini. Ardhi haijapata kumjibia mtu.

Mwanangu, Mungu akujaalie kizazi ukikitaka, na shibe kabla ya kizazi. Na asipokujaalia, akupe watu wa kukuita mama vivyo hivyo. Amin.