Mashuka ya Garifalia

Kila Jumapili jioni, ibada ikishakwisha, mji wetu mzima ulitoka kutembea uwanjani: kutoka kanisani hadi kwenye chemchemi, kisha kurudi. Waliooana walishikana mikono. Wachumba walikwenda bega kwa bega bila kugusana, na mama wa msichana akiwafuata nyuma. Garifalia na Argiris walitembea hivyo mpaka mama wa msichana akaishiwa nguvu za miguu akabaki nyumbani, na bado hawakuwa wamegusana.

"Bibi harusi!" Kalomira, muuza nyuzi, alikuwa akimwita kutoka mlangoni pake. "Mwaka huu tunacheza, au viatu vyangu nivirudishe sandukuni?"

"Utacheza, Kalomira. We vipake mafuta tu."

Alijibu akicheka, na moyoni alikuwa anakufa. Alivishwa pete akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na thelathini na nne, na wenzake waliovishwa pete mwaka ule walikuwa na mabinti wanaochungulia wavulana pale pale uwanjani.

Kwa nini? Kwa sababu kwetu kaka haoi mpaka dada zake wote waolewe, hata ndevu zake zikifika kitovuni. Na dada haolewi bure: upande wa binti ndio unaotoa mahari. Argiris, fundi wa matandiko ya nyumbu, alikuwa na dada watatu na baba aliyekwisha kufa. Wa kwanza aliondoka na nyumba ya bondeni, wa pili na shamba la mizabibu. Akabaki Stamata, na Stamata hakubakiziwa kitu ila mto wa kulalia. Waposaji walikuja, wakanywa kahawa, wakauliza, "Anakuja na nini?", wakatazamana, wakakumbuka kwamba wana mbuzi wa kukamua.

Garifalia alikuwa na kila kitu. Marehemu baba yake alimwachia shamba la mizeituni, na sandukuni mlikuwa na mashuka ya kitani aliyoyafuma mwenyewe tangu utotoni, kila moja lina herufi ya jina lake pembeni kwa uzi mwekundu. Yalikaa humo yakigeuka rangi ya maziwa, na yeye akizeeka nayo.

Ndipo akaja Manthos, mwenye kinu cha kusaga, mgane, mtu wa maneno machache. Angemwoa Stamata, ndiyo, lakini kwa shamba la mizeituni na sanduku lililojaa. La sivyo angeposa kwingine.

Jumapili ile Garifalia alisimama katikati ya uwanja. "Argiris, chukua vyangu."

"Vyako vipi?"

"Shamba. Mashuka. Vyote. Mpe Stamata aolewe, na sisi tuoane."

"Watu watasema nini?"

"Watu watajuaje? Nitafumua herufi yangu niweke yake. Argiris, nazeeka mimi! Unaniona lakini? Nataka mtoto. Nataka chungu changu jikoni. Nataka hata kugombana na wewe, lakini ndani ya nyumba yetu!"

Argiris alilia. Alikuwa mwepesi wa machozi yule bwana. Mungu amsamehe, maana mimi simsamehe.

"Una wazimu," mama yake Garifalia alimwambia. "Baba yako alivunjika mgongo kwa miti ile."

"Mama, miti haitaniita mama."

Mama wa watu akatia kidole gumba kwenye wino, shamba likaenda. Bi Zafiro, mama yake Argiris, alimbusu Garifalia kwenye paji la uso. "Stamata ni binti wa tumbo langu," alisema. "Wewe ni wa moyo wangu."

Garifalia akafunga madirisha mchana kweupe, akafumua uzi kwa uzi, akatarizi herufi ya mwingine mahali pa yake.

Alhamisi kabla ya harusi, mahari ilitandazwa nyumbani kwa Bi Zafiro, na wanawake wakaja kuipapasa na kuirushia mchele, kama desturi. Kalomira alishika pembe ya shuka, akaisogeza dirishani. Chini ya herufi mpya palibaki vitundu vya ile ya zamani. Akamtazama Garifalia.

"Stamata ana mikono ya dhahabu," Kalomira alisema, akarusha mchele wake.

Wote waliitikia. Stamata huyo huyo asiyejua kushona hata kifungo! Nyumbu wakapakiwa, fidla zikalia, na mzigo ukapita mbele ya mlango wa Garifalia. Naye alitoka akaurushia mchele.

Jumapili iliyofuata Argiris hakuja kumchukua. Wala ile ya baadaye. Ya tatu Garifalia alikwenda mwenyewe, akamkuta anakunywa kahawa na mama yake.

"Mama, nimekuja tupange siku ya harusi."

"Harusi!" Bi Zafiro aliweka kikombe taratibu. "Mwanangu, utaingia kwangu na nini?"

Garifalia alidhani anataniwa. "Vyangu mnajua viko wapi."

"Vipi hivyo? Mji mzima uliona mahari ya Stamata. Nikisema vilikuwa vyako, Manthos atamrudisha binti yangu kesho asubuhi. Unataka nimwaibishe mwanangu? Na Argiris nimwoze mke mikono mitupu, watu wacheke?"

"Argiris," Garifalia aliita. "Argiris, sema basi!"

Argiris alikitazama kikombe chake. "Mama ameshasema," akajibu.

Angeweza kwenda kupiga kelele uwanjani. Nani angemsikiliza? Wale waliojua ndio waliorusha mchele. Badala yake mji ukaanza kunong'ona kwamba mwanamume hamwachi mwanamke baada ya miaka yote ile bila kugundua jambo, na Kalomira akaacha kumwita bibi harusi. Argiris alioa majira ya machipuko, msichana wa miaka ishirini, mwenye mashamba mawili.

Mama yake Garifalia alikufa baridi ilipokolea. Kwetu maiti hufunikwa shuka jipya, na sandukuni hamkuwa na kitu ila harufu ya sabuni. Wanawake waliokuja kumwosha mzee walisimama wakitazamana. Ndipo akaingia Stamata, mjamzito, ana kifurushi chini ya mtandio. Hakumtazama Garifalia usoni. Alitandaza shuka la kitani juu ya mwili, na herufi yake nyekundu ikakaa miguuni.

"Nisamehe, wifi," alinong'ona, akatoka haraka.

Kalomira aliiona ile herufi. Aliiona vizuri sana.

"Mungu ambariki Stamata," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Ana moyo yule mtoto. Kamgawia maskini shuka lake la harusi."

"Ambariki," wanawake waliitikia, kisha wakamgeukia Garifalia, wakingoja naye ashukuru.

"Ambariki," alisema Garifalia. Akaikunja ile pembe chini ya miguu ya mama yake, akaketi kulia.