Kidonge cha Nne

Niliambiwa nina TB siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka kijijini Kibugu na gunia la njahi, yale maharagwe meusi, debe la unga wa wimbi na kuku wawili walio hai. Hakuniuliza kama nataka mgeni. Alisimama mlangoni kwangu pale mtaani Majimbo, akanitazama nilivyokonda, akasema, "Wewe utalishwa kama mzazi. Lala."

Mzazi kwetu ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Anapewa njahi, uji wa wimbi uliochachuka na supu ya mifupa mpaka mashavu yarudi. Mimi nilikuwa nimejifungua mwaka mmoja na nusu uliopita, lakini nani angembishia yule mama?

Kilichoniuma zaidi si ugonjwa. Ni mtoto kuhamishwa kitandani kwangu. Nesi wa kliniki ya kifua alisema alale na nyanyake kwanza, na mtoto akapewa dawa zake za kumkinga. Mwisho wa mwezi wa pili kohozi langu lingepimwa tena, na likitoka safi, mtoto angerudi kwangu. Kwa hivyo kila jioni nilikuwa namsikia akicheka chumba cha pili na mwanamke mwingine, nami nauma mto kwa hasira.

Asubuhi ni vidonge vitatu kwa maji, tumbo tupu, mama mkwe amesimama juu yangu kama askari jela. Saa moja baadaye, bakuli. Mkojo ukageuka rangi ya soda ya machungwa. Nesi alikuwa ametuonya kwamba hiyo ni dawa tu, lakini mama mkwe hakuamini mpaka akaenda kuchungulia mwenyewe. Sikuwa na siri tena katika nyumba yangu.

Babake mtoto anauza vitunguu soko la Gakoromone, kule Meru, na huja nyumbani Jumapili. Jumapili moja alileta mkebe wa unga wa kijani.

"Huu unaongeza kinga," akasema. "Aliyeniuzia anasema ukiuzoea, zile za hospitali unaziacha polepole."

"Aliyekuuzia amesomea nini?"

"Hiyo sijui. Ana spika kubwa."

"Ana spika!" Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikamgombeza mpaka akakumbuka ana safari ya kurudi Meru. Mama mkwe aliunusa ule unga, akasema ni nyasi, akawamwagia kuku.

Mwezi ulipoisha nikapandishwa kwenye mizani. Nilikuwa nimetoka kilo hamsini na moja, sasa zilikuwa hamsini na tano. Mama mkwe akapiga kigelegele hapo hapo, foleni nzima ikageuka. Nesi akasoma uzito, akaandika kwenye kadi: kuanzia leo, vidonge vinne.

Kigelegele kikakatika.

"Nimekulisha mwezi mzima," alisema tukirudi. "Umenenepa, ndio wanakuongezea dawa? Kwani ni ugonjwa unakula njahi yangu?" Tulipofika nyumbani akawa ameshaamua. Damu imerudi, kinga imerudi, vitatu vinatosha.

Na mimi, mwenye cheti changu cha kidato cha nne, nilikubali. Vidonge vilikuwa vinanitia kichefuchefu, na kwenye kioo nilikuwa naona mtu mzima kabisa. Kila asubuhi cha nne kikabaki kwenye pakiti.

Wiki mbili baadaye nesi akazihesabu pakiti zetu. "Vimebaki kumi na vinne. Mmefanya nini nyinyi?"

Tukatazamana kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Mama mkwe ndiye aliyejitokeza. "Ni mimi, daktari. Chakula kimefanya kazi. Mwili sasa una nguvu zake."

"Chakula kimefanya kazi kubwa," nesi akasema, hata sauti hakupandisha. "Mwili usiolishwa haupigani. Lakini hawa wadudu hauwamalizi peke yake, na ukiwapa dawa pungufu wanaizoea." Akamgeukia mama mkwe, akamwita nyanya kwa Kiembu: "Cucu, unafuga mbuzi?"

"Sita."

"Dawa ya minyoo unawapimiaje?"

"Kwa ukubwa. Mdogo kidogo, mkubwa..." Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, kama ananipima mnadani. "Uui! Huyu nimemnenepesha, halafu nikampa ya mwana-mbuzi!"

Foleni ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kohozi kupimwa, na wiki mbili nilikuwa nimezichezea. Njia nzima sikumsemesha. Alinionea huruma, akadhani nimemkasirikia yeye. Niliyemkasirikia ni yule mjinga wa kwenye kioo.

Kutoka siku hiyo vilikuja vinne kwenye kisahani, vikihesabiwa kwa sauti kwa Kiembu, na nikishameza nafungua mdomo ukaguliwe. Nilikuwa nafungua mpana kweli. Uji ukaja vilevile, njahi ikaja vilevile, hakuna aliyepunguza kitu.

Siku ya majibu ilifika. Nesi alisoma karatasi mara mbili, makusudi nafikiri. "Safi. Hakuna kitu. Lakini miezi minne bado. Dawa zinabadilika, haziishi."

"Ataendelea kula," mama mkwe akamhakikishia. Akanigeukia. "Na wewe, usinenepe tena bila kuniambia."

Jioni hiyo nilitandika shuka safi, nikamnyoshea mtoto mikono. Akanitazama. Akamtazama nyanyake. Akasema "Hapana!" kwa sauti ambayo nadhani aliirithi kwangu, akamng'ang'ania nyanyake shingoni.

"Miezi miwili nameza dawa kwa ajili yako!" nikamfokea. "Mtoto wa kumzaa mwenyewe!"

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Basi sogea," akasema, akapanda kitandani kwangu na mtoto na blanketi lake. Tukalala watatu, mimi nimebanwa ukutani, mguu wa mtoto umenikita mbavuni, na sikuthubutu kuusogeza.