Kadi Tatu Chini ya Godoro

Mambo yote ya kadi yalianza na shilingi mia tatu na hamsini: mia mbili za fundi, mia ya karatasi za maua, hamsini za karatasi ngumu za manila na gundi. Nimezijumlisha tena kabla ya kuandika, na bado ni zile zile. Katika yote niliyobaki nayo kutoka miaka ile ya tisini, hiyo ndiyo hesabu pekee inayokubali kutulia.

Wazo lilikuwa la dada yangu. Aliona kadi mjini, ndani ya kioo cha duka, imesimama yenyewe mezani bila kuegemezwa popote. Aliitazama mpaka askari wa mlangoni akaanza kumtazama yeye. Aliporudi nyumbani Kariobangi alirarua boksi la sabuni, akakata, akakunja, na chai haijachemka alikuwa ameshaipata siri. Ni kadi ya kawaida, ila ganda la mbele limekunjwa tena katikati, na picha imebandikwa kwenye nusu yake moja tu. Ukilisukuma nyuma, picha inainuka. Ndani unabandika kitu kinene kidogo, ukingo wa picha unajikita hapo, na haitelezi.

"Kitu kinene gani?" nilimuuliza.

"Ua. Maua matatu ya karatasi, moja juu ya jingine. Kazi yako ni kunitafutia cha kukatia."

Mimi nilikuwa nauza mitumba soko la Gikomba. Marobota yalikuja yamefungwa kwa mikanda ya chuma ambayo tukishaikata hakuna aliyeitaka. Nikabeba kadhaa mpaka kwa fundi wa jua kali.

"Mia tano," akasema.

"Za nini? Chuma ni changu."

"Moto ni wangu."

"Basi chukua mia ya moto."

"Buda, hiyo hata makaa yatakucheka."

Niliondoka polepole, kama mtu anayetaka kuitwa, na akaniita. Kwa mia mbili aliupinda mkanda ukawa ua la petali tano, akaunoa ukingo, akauchomelea kwenye kibati. Unaweka karatasi juu ya soli ya kandambili kuukuu, unaweka chuma, unapiga nyundo. Ua linadondoka.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Nyundo moja, ua moja! Na Mungu anangoja msimu mzima."

Muhula wa tatu ulikuwa msimu wa kadi za kuwatakia watoto heri ya mtihani, zile ambazo kila mtu aliziita sakses. Yeye alitengeneza, mimi nikapiga domo. Wateja wetu wengi walikuwa akina mama wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben waliotoka vibarua vya viwandani wamechoka, lakini hawakuchoka kubishana.

"Hii inasimama juu ya redio, mama. Mtoto anaiona akiamka."

"Na akifeli, unanirudishia pesa?"

"Akifeli, angalau kuna kitu nyumbani kitakuwa bado kimesimama."

Alinitukana kidogo, akanunua mbili.

Gundi yetu ilikuwa ya majimaji, na karatasi ikilowa hujikunja kama jani la mgomba. Kwa hiyo kila kadi iliyomalizika ilifungwa ndani ya gazeti na kuwekwa chini ya godoro la dada, ilaliwe mpaka inyooke. Hatukuwa na mashine nyingine. Tulikuwa watu wa kulalia mtaji.

Kisha dada akaanza kukonda. Mume wake alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, na majirani wakajua kuhesabu. Ugonjwa huo haukutajwa jina nyumbani kwetu. Tulisema kifua, siku nyingine tukasema malaria. Nyundo ilipomshinda nikawa namkatia maua mimi, yeye anabandika akiwa ameegemea mto. Binti yake alikuwa darasa la saba.

Siku moja nilimkuta amejipangia karatasi bora zaidi, zile za rangi ya dhahabu ambazo alikuwa amekataa kuziuza.

"Za mteja gani hizo?"

"Za mtoto wangu. Moja ya darasa la nane, moja ya kidato cha nne, moja ya harusi."

Mama yetu, aliyekuwa amekuja kutoka magharibi kumuuguza, aliweka sufuria chini. "Acha kujichuria, mwanangu. Mtihani wa mwakani utamwandikia mwakani."

"Mama, karatasi haiui mtu."

"Haiui. Inaita."

Dada alirudi kwenye karatasi zake. Alizimaliza zote tatu, akaandika ndani yake akiwa ametupa mgongo, akazifunga kwenye gazeti. Mimi ndiye niliyeinua godoro. Alimwambia binti yake, "Nimekuwekea kadi tatu: mbili za mitihani, moja ya harusi. Mjomba atakupa kila moja wakati wake ukifika." Sikusoma alichoandika. Nilidhani nina muda.

Alitutoka alfajiri moja ya mwezi wa pili, mwaka uliofuata. Asubuhi hiyo nilikwenda Gikomba kwa maseremala kupigania bei ya jeneza. Nilipunguziwa, tena sana. Seremala alikuwa ananijua, akapunguza kabla sijafungua mdomo, na hilo ndilo lililoniliza.

Niliporudi, akina mama wa kanisa walikuwa wamesafisha chumba. Ukutani nyuma ya ploti tuliyopanga kulikuwa na moshi mzito. Siku zile watu waliogopa kitanda cha mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe, na kwetu godoro la marehemu halirithiwi. Walilikunja na kila kilichokuwa chini yake, wakamwagia mafuta ya taa.

"Magazeti yaliyokuwa chini?" nilimuuliza mama.

"Magazeti? Yalisaidia kuwasha." Kisha akaniona uso. Alikaa juu ya jiwe la kufulia, akavua kitambaa cha kichwa, akakishika tu mkononi. Katika majivu kulikuwa na chembe za dhahabu, nyingi, na hazikufaa kitu.

Tulikubaliana, mimi na mama, kwamba mtoto asijue.

Mwaka huo huo, mtihani wa darasa la nane ulipokaribia, binti hakuuliza. Alianza tu kukaa karibu nami bila sababu. Nikatoa chuma cha fundi, nikatafuta karatasi ya dhahabu mji mzima mpaka nikaipata, nikaipata kwa bei ambayo sikuibishia. Vidole vyangu ni vya kufungua marobota. Niliharibu nyingi kabla moja haijakubali kusimama. Ndani niliandika "Mungu akutangulie", nikiiga mwandiko wa dada.

Nikampa asubuhi ya mtihani. "Mama yako aliacha hii."

Aliisimamisha mezani. Akainama, akagusa ua, akatazama ncha ya kidole chake. Ua lilikuwa limesogea.

"Asante, mjomba," alisema taratibu. "Ile ya kidato cha nne, ianze mapema, gundi ipate kukauka."

Akachukua rula na kalamu zake, akaenda.

Hatukulizungumza tena. Ya kidato cha nne niliianza mapema, nikaandika yale yale, akaipokea kwa mikono miwili. Sasa anaolewa, Desemba hii. Wiki iliyopita alikuja kunisalimia na alipokuwa akiaga alisema, "Mjomba, imebaki moja."

Imesimama hapa mbele yangu, imekauka, imenyooka. Ndani ni tupu. "Mungu akutangulie" ni maneno ya mtihani, na dada kwa harusi ya mwanawe angesema kitu ambacho mimi sikijui, kwa sababu sikusoma. Siwezi kuiga mwandiko kwa maneno ambayo sikuwahi kuyaona. Niandike yangu, kwa mkono wangu, niweke jina langu? Au nimpe ikiwa tupu, ajaze mwenyewe anachodhani mama yake alisema? Ninyi mliowahi kuozesha mtoto wa marehemu, niambieni: mliandika nini?