Neno Laini Nililomchagulia Mgeni

Jamani, hii aibu nimeikalia miaka yote, na hata leo nikikutana na mtu wa kijijini kwetu Gendabi mnadani Katesh najifanya nachagua viatu.

Enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali, mimi ndiye niliyejua Kiingereza pale kanisani (nasema nilijua, lakini ni cha sekondari ambayo sikuimaliza), basi Jumapili moja meneja wa shamba, mzungu mpole tu, akaja kusali nasi, na mchungaji kwa makusudi kabisa akachagua ule mstari wa kutoondoa mpaka waliouweka baba zetu, maana kila mtu aliona trekta zinausogelea uzio wetu wa miti ya manyara, ndio mpaka wetu na shamba, na nyuma ya uzio ule ndipo alipozikwa mtoto wa pekee wa shangazi yangu Elizabeti. Mimi natafsiri. Neno la mpaka kwa Kiingereza nililijua vizuri, lilikuwa mdomoni kabisa, ila mgeni alikuwa ananitabasamia, nami nilikuwa nimemwomba kazi ya ukarani, nikaona nisimuudhi, nikachukua badala yake neno la desturi.

Mzungu akafurahi! Akasimama, akasema hata kwao desturi za mababu wanaziheshimu sana. Sasa nitarudi nyuma vipi? Nikawageukia watu: "Anasema mpaka atauheshimu sana." Vigelegele, na shangazi akampa kibuyu cha asali kwa mikono miwili.

Jumatano trekta likapita juu ya manyara na juu ya kaburi.

Tulikimbilia kule kijiji kizima, meneja naye akaja na gari, mchungaji akamwonyesha ule mstari, naye akatoa Biblia yake ya Kiingereza, akasoma, uso ukamwiva. "Hukuniambia hivi," akaniambia. "Waeleze watu wako ulichoniambia." Nikawaeleza, na safari hii sikubadili neno.

Shangazi alikuwa ameshika udongo. Akasema taratibu, "Kumbe si trekta lililolima hapa, mwanangu. Ni wewe."

Kazi sikuifuata tena. Manyara tuliyapanda upya, kwa kukisia. Siku hizi nikiombwa kutafsiri, hata cheti cha dawa, nasema Kiingereza nimekisahau, na sitakikumbuka mpaka nife.

Shangazi alipofariki alikuwa ameomba azikwe kando ya mwanawe. Tulisimama pale na majembe, kila mmoja ananyooshea kidole mahali pake, na hakuna aliyeniuliza mimi.