Harambee Tuliyomfanyia Mwadime Melini

Jambo hili nimelificha karibu mwaka mzima, na kama mmeona kwamba mtu akianza tu kuuliza habari za ile safari yetu ya meli mimi nakumbuka nimeacha sufuria jikoni, sasa mtajua ni kwa nini. Naona haya kulisema. Lakini wenzangu wanane wanalijua, tukikutana kanisani tunaangaliana kama watu waliovunja chombo cha wenyewe wakakirudisha kabatini, na mimi nimechoka.

Mnanijua. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu pale Voi, mwaka wa kumi na moja huu, na shilingi haijawahi kupotea mkononi mwangu. Nikiingia hotelini nasoma risiti mstari kwa mstari huku mhudumu amesimama (binti yangu Wakesho siku hizi anajifanya hatukuja pamoja). Kwa hivyo tulipokubaliana kwamba akiba ya mwaka ule isiende kwa masufuria tena, iende kwa meli kubwa ya watalii, kutoka Mombasa hadi Unguja na kurudi, siku tano, hakuna aliyeuliza nani atasimamia mambo ya pesa.

Kumbe ndani ya meli ile noti haina kazi. Ukiingia unapewa kadi, hiyo hiyo ndiyo ufunguo wa chumba na ndiyo ya kununulia soda, na kila unachochukua kinaandikwa kwa chumba chako mpaka siku ya mwisho. Na mkishaiacha bandari mtandao unakatika, hata pesa za simu huwezi kutuma. Tulikaa na shilingi zetu kwenye fundo la leso tukiziangalia tu.

Mhudumu wa vyumba vyetu vitano alikuwa mtu wa kwetu. Hatukuamini. Alisoma majina mlangoni, akatusalimu kwa Kidawida, lugha yetu, akasema anaitwa Mwadime, wa kijiji cha Mghange, na mama yake huuza kabeji soko la Voi. Mama Mghoi, yule rafiki yangu wa Bura, alimkumbatia mpaka mashuka yakamwanguka. Ni mtu mzima, miaka thelathini na kitu, mpole, na kuanzia siku hiyo wageni wengine aliwaita madam, sisi akatuita mama. Kila tukirudi chumbani tunakuta amekunja taulo kwa umbo la mnyama. (Siku alipokunja ndovu Mama Mghoi alimkunjua hata kabla ya kuvua viatu, akasema ndovu wameshamlia mahindi ya kutosha, hatalala na mmoja kitandani.) Mwadime alituambia mkataba wake unaisha baada ya miezi miwili. Wakubwa wakiridhika naye watamwita tena, na akiitwa tena atamalizia nyumba anayomjengea mama yake, maana imefika kwenye lenta, imebaki paa. Kila mmoja wetu alilisikia hilo.

Jioni ya pili nikaenda mapokezi kuomba karatasi ya deni letu, na hapo nikaona mstari ambao sikuuelewa: ada ya huduma, kila mtu, kila siku, kwa dola. Binti wa pale akanieleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo bakshishi, inakatwa yenyewe, halafu inagawanywa kwa wahudumu wote pamoja na wale wa kufua na kuosha vyombo huko chini, ambao wageni hawawaoni. Damu ikanichemka. Kwangu mimi bakshishi inayokatwa kabla sijafungua mkoba ni ushuru. Nikamuuliza kama inaweza kuondolewa, akasema inaweza, kuna fomu.

"Lakini una uhakika, mama?" akaniuliza. "Wengi huiacha tu."

"Kwetu mtu hutoa kwa mkono wake," nikamwambia, "na anayepewa anamjua aliyempa."

Nikajaza fomu ya vyumba vyote vitano, nikasaini, nikarudi kwa wenzangu nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Nikawaambia hizo pesa za kukatwa nimezizima, sasa tutamfanyia Mwadime harambee, ya kweli, ya kwetu, mbele ya watu, ajue ana mama zake. Wakapiga vigelegele. Mwadime mwenyewe sikumuuliza. Kosa langu liko hapo, mengine yote yalifuata.

Siku ya nne wakati wa chakula cha mchana, ukumbi umejaa wageni, nikamtuma Mama Mghoi akamwite Mwadime, amwambie nimepoteza miwani (mhudumu wa vyumba hana kazi kwenye ukumbi wa chakula, angekataa kuja bure). Akaja mbio, masikini, macho chini ya meza akitafuta miwani iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Nikamshika mkono, nikamsimamisha katikati, nikamwaga mikate iliyokuwa kwenye kikapu cha mezani ili kiwe cha kutilia pesa, nikauanzisha ule wimbo wetu wa kutolea sadaka.

Mnajua tunavyofanya. Mtu anainuka kwenye kiti chake anacheza polepole, noti juu, akifika anaibandika kwenye paji la uso wa anayetuzwa au anamtia kwenye ukosi au mfukoni, nyingine kikapuni, na mimi natangaza. "Mama Mghoi, elfu moja! Mama Wakio, elfu moja mia tano!" Wageni wakatoa simu wakaanza kupiga video. Mzee mmoja Mzungu akaja na dola ishirini, akacheza vibaya sana, tukampigia makofi.

"Mama, tafadhali, wacheni," Mwadime akaniambia kwa sauti ya chini. "Wataniona."

"Wakuone," nikasema. "Usione haya, mwanangu, wewe ni wetu."

Alikuwa ameweka mikono nyuma, hakugusa hata noti moja. Nilidhani ni adabu.

Mkubwa wa wahudumu akaingia, mama mfupi mwenye miwani, mgeni wa nchi za mbali, akasimama mpaka wimbo ukajifia wenyewe. Akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama ni sisi tulioondoa ada ya huduma kwa vyumba vitano, na kama vyumba hivyo vitano ni vya huyu. Nami kwa fahari nikajibu kwa sauti ya kufika ukuta wa pili, "Ndiyo. Tuliiondoa ili tumpe yeye mwenyewe."

Mwadime akafumba macho.

Nilielewa kabla sijafunga mdomo. Kwa mtu aliyesikia kutoka nje, ilikuwa kwamba mhudumu huyu amewakuta wanawake wa lugha yake, akawafundisha waondoe fungu la wenzake wote ili wamletee yeye peke yake mkononi. Kule melini hilo ni wizi, mtu hufukuzwa kwa hilo. Akaambiwa aweke pesa mezani. Akazitoa moja moja, kwenye mfuko, kwenye paji la uso, huku Mama Wakio, ambaye alikuwa nyuma ya nguzo na hakuona kitu, bado anapiga makofi. Noti moja ilikuwa imebaki kwenye ukosi, hakuiona. Niliitoa mimi kwa mkono wangu, nikaiweka mezani pamoja na zile nyingine.

Wakaondoka naye. Nikawafuata, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi saa nzima, mimi na mkoba wangu, mpaka nikaitwa. Nikasema yote. Nikasema hakujua lolote, nikasema hata habari ya miwani ilikuwa uongo wangu. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanisogezea karatasi mbili. Moja ilikuwa hesabu ya kikapu: shilingi elfu kumi na moja mia tano, ukitoa dola za yule mzee. Nyingine ilikuwa ile fomu yangu, na chini wamejumlisha kiasi tulichoondoa, sisi tisa, kwa safari nzima. Nilibadilisha dola kuwa shilingi kwa kichwa. Ilipita elfu hamsini.

Niliziweka karatasi mbili sambamba. Miaka kumi na moja ya kushika vitabu vya watu, na sikuwa nimezidisha ile ada kwa watu na kwa siku. Niliona mstari ulioniudhi nikaufuta, basi. Tumewanyima watu elfu hamsini, tukatoa kumi na moja, tena tukazipigia vigelegele, tena nikazitangaza kwa majina.

Nikasaini ada irudishwe yote. Nikaandika maelezo kwa mkono, kurasa mbili, kwamba Mwadime hana hatia.

"Nitayaweka kwenye faili lake," yule mama akasema, "pamoja na ripoti ya tukio lenyewe."

Kesho yake tukateremka Mombasa. Mwadime alikuwa mlangoni akipanga mabegi ya wageni, nikamshukuru Mungu kwamba hajafukuzwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Akanipa begi langu kwa mikono miwili, kwa heshima yote, akasema, "Asante, madam. Safari njema." Kidawida hakukitumia tena, na lile neno mama pia hakulisema. Nikateremka na begi langu na maneno yangu yote.

Mngedhani yameishia hapo. Ijumaa iliyopita nilikuwa sokoni nanunua nyanya, mama mmoja wa kabeji akanishika mkono, akaniuliza kama si mimi wa kile chama kilichopanda meli. Alikuwa mama yake. Akasema mwanawe alimsimulia kwamba alikutana na akina mama wa kwetu huko baharini na walimtendea vizuri sana, na kwamba yeye kama mzazi amekuwa akitafuta nafasi ya kutushukuru.

"Mwadime yuko wapi siku hizi?" nikamuuliza.

"Yuko tu nyumbani, ananisaidia shamba. Anangoja waite," akasema. "Mkataba uliisha, wakasema watampigia. Huu ni mwezi wa nane tangu hapo. Sijui mbona wanachelewa, na kazi yake aliijua."

Halafu akachagua kabeji kubwa kuliko zote akanitia kwenye kikapu, na nilipofungua mkoba akaufunga kwa mkono wake, akasema mimi silipi kitu hapo.

Niliichukua. Nilifika nayo nyumbani, iko pale mezani mpaka leo, sijaweza kuikata. Siku hizi nikikuta ada kwenye karatasi nauliza kwanza inaenda kwa nani, na sitamwinua mtu tena mbele za watu kabla sijamuuliza kando kama anataka. Lakini hiyo haimsaidii Mwadime. Kwa hivyo Jumamosi napanda Mghange kumwomba msamaha, na kumweleza mama yake ni kwa nini simu haijalia. Mama Mghoi amesema tuende wote tisa. Nimemkatalia. Nitaenda peke yangu, bila kikapu, bila wimbo.