Gari la Njano Lisilo na Milango

Gari la mjomba halikuwa na milango wala kioo cha mbele, na injini yake ilikuwa imeshikwa na boliti mbili kati ya nne. Lakini rangi lilikuwa nayo. Rangi ya njano, tabaka mbili, na vanishi juu yake, yote imepigwa siku tatu kabla ya kulisafirisha kwenda Dodoma.

Nilimuuliza kwa nini anapaka rangi kitu ambacho bado kitachomelewa. Moto wa kuchomelea huunguza rangi, na kulijua hilo hakuhitaji shahada. Akanitazama kama niliyemshauri azike mtu bila sanda.

"Litoke hapa na kutu, mtaa mzima unaangalia? We msomi huwajui watu wa Mbagala."

Nawajua, nimezaliwa kwao. Ndio walewale wanaopiga chokaa ukuta wa mbele wa nyumba na kuuacha wa nyuma tofali tupu, kwa sababu mgeni hapiti nyuma.

Gari lenyewe lilikuja ndani ya makreti. Mhandisi mmoja wa kigeni, aliyekuwa na kazi kwenye mitambo ya gesi Kinyerezi, aliagiza gari la kujiungia mwenyewe: unaletewa fremu, ekseli, usukani, na kitabu cha kukuambia kipi kinakwenda wapi. Mkataba wake ukaisha kabla hajafungua kreti la tatu, akamwachia mjomba, aliyekuwa fundi wake wa kuchomelea. Mjomba anauita ukarimu. Mie naona jamaa alikwepa gharama ya kulirudisha kwao. Kreti la bodi halikuwapo kabisa, hivyo bodi mjomba akaitengeneza mwenyewe kwa mabati.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, basi kila Jumapili nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimtafsiria. Nikisoma, "Kaza boliti zote kabla ya kuendelea," yeye hujibu, "Waoga hao," na kuendelea. Miaka saba ikapita hivyo. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva kwa utulivu wa mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Kisha mkuu wa karakana ya chuo kimoja cha ufundi huko Dodoma akaona picha za gari kwenye simu ya mtu, akampigia mjomba. Lilete Jumatatu asubuhi, alisema, wanafunzi wanachagua mradi wao wa mwaka. Likiwapo, watalimalizia pamoja na mjomba. Lisipokuwapo, watachukua mashine ya kukamua alizeti. Mjomba ana miaka sitini na mbili na macho yake yameliwa na moto wa kazi. Peke yake hawezi kulimaliza. Hajawahi kulisema hilo, ila nililijua siku aliponiomba nimsomee hata namba zilizochongwa kwenye vichwa vya boliti.

Jumapili asubuhi likaja lori lililokuwa limeshusha vitunguu Temeke na sasa linarudi Singida tupu. Wanaume kumi na wawili wakaliinua gari hadi juu. Mwalimu wa madrasa akaliombea dua ya safari, ubani ukafukizwa chini ya ekseli, wanawake wakapiga vigelegele. Ungedhani tunasindikiza bibi harusi, tena asiye na mikono.

"Mzee," jirani mmoja akapaza sauti, "hilo linakwenda kwa mafuta au kwa maombi?"

"Linakwenda kwa lori, bwege we. La kwako linakwenda kwa nini?"

Jirani hana hata baiskeli. Watu wakacheka, mjomba akapanda lori kwa ushindi.

Dereva alitoa turubai. "Mzee, tulifunike. Barabarani macho mengi."

"Rangi nimepaka ya nini sasa, walione panya?"

Dereva akanigeukia. Nikabinua midomo. Turubai likarudi chini ya kiti.

Hivyo tukapita Kibaha, tukapita Chalinze, gari la njano likimeremeta nyuma yetu na watu wakilipigia miluzi. Mjomba aliwapungia mkono kutoka dirishani kama mheshimiwa anayezindua kisima.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha mizigo. Mkaguzi, kijana mwenye daftari, akalizunguka lori mara moja, kisha akaja upande wetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Gari zuri. Kadi yake?"

"Halina kadi. Halijaisha."

"Mbona limepakwa rangi?"

Lilikuwa swali la kwanza lenye akili kuulizwa siku tatu zile, ukiacha la kwangu.

"Mie naandika ninachokiona, mzee. Gari lisilo na karatasi linashushwa hapa mpaka karatasi zipatikane. Vyuma vinapita. Sasa niandike nini?"

"Andika vyuma, bosi," dereva akadakia.

"Sijakuuliza wewe. Mwenye mzigo aseme."

Nikaingilia, kwa lugha yangu ya midahalo ya chuoni. "Halina milango, halina kioo, haliwaki. Kwa tafsiri yoyote ile, hilo si gari."

"Ni gari," mjomba akasema.

"Basi lishusheni," mkaguzi akajibu, akaenda kwenye lori lililofuata.

Dereva akazima injini. "Mzee, nakuheshimu, lakini nina mzigo unanisubiri Singida. Nakupa robo saa."

"Mjomba," nikasema, "Jumatatu ni kesho. Unataka lionekane au unataka liishe?"

Mjomba akafungua mlango wa lori. Akashuka. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha dimbwi kando ya lami. Akachota tope kwa mikono miwili, akapanda nyuma ya lori na kulipaka boneti. Alianza taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta, kisha kwa hasira. Akang'oa taa zote mbili na kunirushia. Nilitaka kucheka, maana nilikuwa na haki yote ya kucheka. Lakini alikuwa akiacha mabaka ya njano ubavuni asiyoyaona, na mkaguzi angeyaona. Nikaweka taa chini, nikakunja mikono ya shati, nikapanda.

"Huku bado, mjomba. Na hapa kwenye bampa."

Mkaguzi aliporudi alisimama muda mrefu akilitazama.

"Hiki ni nini, mzee?"

Mjomba akatazama viganja vyake. "Vyuma."

"Vyuma gani?"

"Chakavu."

Mkaguzi akaandika, akachana karatasi, akampa dereva.

Tukaendelea hadi Morogoro. Dereva alisimama kwenye bomba, akamletea mjomba ndoo ya maji anawe. Mjomba akanawa, kisha akaomba ndoo ya pili.

"Ya nini?" nikauliza.

"Nilioshe. Siwezi kumpelekea mtu gari chafu."

Nilimwambia mbele kuna vizuizi vingine viwili na kwamba hajajifunza kitu. Akafikiri. Akauliza karakana inafunguliwa saa ngapi. Saa mbili, nikasema.

"Basi niamshe saa kumi na moja," akasema. "Na wewe uje na kitambaa."