Vitambaa Sita vya Utomvu wa Mgomba

Miaka ile ya wakimbizi, chumba cha uani kwetu Buzebazeba alikipanga fundi wa nguo aliyevuka kutoka Burundi bila cherehani yake. Alichokuja nacho ni mchezo wa uzi. Alikinga utomvu wa mgomba kwenye kopo, akauchanganya na masizi ya sufuria, akachovya uzi na kuuachia uanguke unavyotaka juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Kisha alikunja kitambaa, akakikalia, akauvuta uzi. Ukikunjua unakuta ua, au ndege, au kitu kisicho na jina. Na utomvu ukishaingia kwenye nguo hautoki. Kila aliyewahi kumenya ndizi mbichi anajua.

Mimi nikaona biashara. Mama mmoja wa Ujiji alikuwa anaoza binti, na kwake kulikuwa na cherehani imelala tu, mkanda wake umevuliwa na kutundikwa ukutani. Tukapatana: vitambaa sita vya makochi kwa cherehani.

"Lakini vifanane," akasema.

"Kama mapacha."

Makochi ya harusi yasiyofanana ni aibu. Nililijua hilo, na bado nikaahidi kwa niaba ya uzi.

Fundi, jirani yangu wa uani, akavitengeneza. Nikavihesabu, nikarudia. Sita kweli, wala kimoja hakimjui mwenzake.

"Chukua kijiti," nikamwambia. "Hapa ongeza jani, pale refusha mkia."

"Oya," akakataa kwa Kirundi chake. "Uzi umeshapita."

"Uzi hautaki cherehani. Wewe unaitaka."

"Naitaka sana, dada."

Kijiti hakukigusa. Mimi ningekigusa kwa mikono yote miwili.

Mama wa binti akaja, akavipanga mkekani. "Mapacha ndio hawa?"

"Kila mmoja na baba yake," nikasema.

Hakucheka. Alidhani tumewapa kazi watu sita. Jirani yangu akampa uzi uliochovywa na kitambaa kitupu. "Tupa mwenyewe, mama."

Akautupa, akakalia kitambaa kwa uzito wa kutosha vitambaa vinne, akavuta. Akatoka jogoo aliyekasirika. Akataka mwingine kama huyo. Uzi ukampa mtungi. Akajaribu tena, ukampa kitu ambacho alikikunja upesi.

"Haya, navichukua vyote sita," akasema mwishowe. "Na jogoo wangu."

"Jogoo hayumo kwenye mapatano," nikasema. "Jogoo ni kwa mkanda wa cherehani, ule ulioutundika ukutani."

Mkanda ukaja jioni ile, pamoja na cherehani. Jirani yangu alikaa, akatia uzi kwenye sindano, akapiga mshono ulionyooka kama reli.